Kidogo Hakina Kishindo

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe yuko hapa tangu jana mchana. Shemeji ndiye aliyemleta – kaka yake mke wangu – mkono mmoja kamshika mama, wa pili kabeba begi. Hakunywa hata maji. Eti gari kaliacha pabaya. "Wiki chache tu, shemeji. Jicho likipona nakuja kumchukua." Kwake watoto wamejaa hadi mlangoni, na hospitali ya macho iko huku kwangu. Nikasema karibu, karibu sana. Ningesemaje?

Sasa tuko wawili. Anayetuunganisha yuko ng'ambo, mwaka wa pili huu, anatunza wazee wa watu.

Heshima imejaa nyumbani mpaka hakuna pa kupita. Akitoka chumbani, mimi najibanza ukutani kama mwizi. Nikiingia sebuleni, yeye anavuta mtandio. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Basi, mazungumzo yameisha. Ana mtoto wa jicho kote kuwili, ananiona kama moshi tu – na bado anageuza uso pembeni.

Nimepika wali. Mwingi, kama kawaida. Mkono wangu bado unapima wa watu wawili wenye njaa, na siku hizi hata mmoja hayuko. Baada ya kula nikakwangua sufuria ndani ya pipa la taka. Pu!

Kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko: "Nini hicho kimeanguka?"

"Wali, mama. Kidogo tu."

Akafikiri. "Kidogo hakina kishindo."

Nikafunika pipa.

Jumatano, 6 Machi

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. Salama! La kushoto litasubiri. Muuguzi kanipa masharti: asiiname, asibebe kizito, asijifikiche, asikae penye moshi. Na dawa ya matone asubuhi, mchana na jioni.

Nikauliza nani wa kumtia. Muuguzi kaniangalia kama mjinga. "Si wewe mwanawe?"

Lilikuwa neno zuri, nikaliacha lilivyo.

Jioni ikawa kazi. Mama kainua uso, mimi nimeshika kichupa. "Tia, lakini usiniangalie," ananiambia. Sasa mama, nitatiaje bila kuangalia? Tone la kwanza likaingia sikioni. La pili puani. "Kama ni dawa ya mwili mzima," akasema, "si ungenipa tu ninywe."

Sijui kama alikuwa anatania. Mama mkwe hutania?

Jumamosi, 9 Machi

Nimetoka kazini, karakana ya miwani, nikakuta mazishi jikoni. Mama kaipekua friji kwa vidole. Kila alichokitilia shaka kakitoa, kakipanga mezani kwa mstari. Mboga za majani zilizogeuka uji ndani ya mfuko. Nyanya za makopo, yote yamefunguliwa, hakuna lililokwisha. Karoti zimelegea kama kamba. Mkate una ndevu. Akataka nimtajie mmoja mmoja, maana pua inamwambia wamekufa lakini haimwambii majina.

"Na huyu?"

"Karoti, mama."

"Amekufa lini?"

"Sijui, mama."

"Hukumuuguza?"

Nimegundua jambo. Hanilaumu hata siku moja. Anamlaumu Mtu. "Mtu ananunua kama anaozesha binti." "Mtu akimenya kiazi namna hiyo, kiazi chenyewe kinaondoka na ganda." Mtu huyu hana jina, hana uso, na mama hajui anakaa wapi. Heshima imehifadhiwa. Lakini nyumba hii ina wanaume wangapi?

Nyuma kabisa, kwenye rafu ya juu, akaipata chupa ya achari ya ndimu. Kaitengeneza mke wangu wiki ile ya kuondoka. Sijawahi kuigusa. Mama akafungua, akanusa. Akajua mkono wa nani. Akafunga taratibu, akairudisha palepale. Huyo hakuniuliza amekufa lini.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya matone ya asubuhi kaniuliza: mwenzako hajambo?

Hajambo, nikasema. Anakusalimia sana. Kaulizia jicho.

"Zimefika," akasema mama. Akakunja mikono mapajani.

Ukweli ni kwamba simu yake ya mwisho siikumbuki vizuri. Ilikuwa kabla ya mvua. Siku hizi ni meseji. Niko kazini. Nimechoka. Tutaongea. Ile ya mwisho ilikuwa kidole gumba tu, kile cha njano. Siwezi kumpelekea mama mkwe salamu za kidole gumba.

Alhamisi, 14 Machi

Bandeji imetoka kitambo, sasa anavaa miwani nyeusi ya hospitali. Amefanana na mtu mashuhuri anayekimbia wapiga picha. Sikumwambia.

Jikoni kumebadilika, sijui hata ilikuwaje. Friji ina sheria: mzee mbele, kijana nyuma. Kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye ule mmea wa dirishani ambao nilidhani ni mfu – umetoa jani! Maganda ya karoti, ncha za vitunguu, mashina ya mboga, vyote vinaingia sufuria moja, vinachemka, vinachujwa. Supu nzuri kuliko zote nilizowahi kupika katika nyumba hii, na imetokana na pipa la taka. Mkate mkavu unakatwa, unakaangwa kidogo bila mafuta, unaliwa na hiyo supu. Mifuko ya plastiki inafuliwa na kuanikwa kwa vibanio. Jirani wa mbele kaiona kwenye kamba akaniuliza kama nimepata mtoto mchanga.

Sokoni leo nimeomba karoti mbili na kitunguu kimoja. Muuza mboga akaniangalia. "Karoti mbili? Una sungura?"

Nikamwambia nina mama mkwe. Akaniongezea nyanya ya bure kwa pole.

Jumamosi, 16 Machi

Wali ulikuwa wa kutosha watu wawili hasa. Tulipokaa kula, mama akanyoosha mkono mezani. Ilikuwepo ile chupa ya achari. Kaitoa yeye. Akachota kijiko, akajiwekea. Kisha akaisukuma upande wangu.

Nikasema, hiyo, mama, tunamwekea mwenyewe aliyeitengeneza.

"Kitu kinakaa kwenye friji mwaka mzima kinamngoja nani?" Kwa mara ya kwanza hakumtaja Mtu.

Nikala. Ilikuwa kali, ya chumvi, nzuri kupita kiasi. Kesho itakuwa imekwisha.

Jumanne, 19 Machi

Kazini siku nzima kusugua lenzi. Kazi yangu ni ya ajabu nikiifikiria. Mtu anakuja ananikuta nyuma ya kaunta, namvisha miwani mpya, na mimi ndiye mtu wa kwanza yeye kumwona vizuri katika miaka mingi. Anafurahi. Anasema, eh! Kisha anageuka kutazama vitu vingine, mlango, barabara, watoto wake. Anaondoka. Hakuna anayerudi kutazama tena mtu wa kwanza.

Bosi kauliza mke wangu anarudi lini. Nikasema karibuni. Kanipigapiga begani. Nadhani anajua zaidi yangu, kwa jinsi alivyonipiga.

Jioni nimeshusha taka. Mlinzi wa lango kashangaa: "Ulisafiri? Siku hizi sikuoni na ndoo." Nikamwonesha. Mfuko mmoja, mdogo, mwepesi kama nguo. Kaupima kwa mkono akasema nyumba yenye taka kidogo hivi ama ni ya maskini ama ni ya mtu aliyekufa.

Wala si hivyo. Lakini nilipanda ngazi nikiwaza maneno yake.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemtengenezea miwani! Ya muda tu, ya kudumu itangoja jicho litulie na la pili lifanyiwe. Nilichagua fremu mwenyewe, ya kahawia, nikaisugua kingo mpaka ikawa laini. Nimeileta nyumbani mfukoni, ndani ya kitambaa.

Akavaa. Akaangalia mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Akaangalia dirisha. Kisha akaniangalia mimi. Moja kwa moja. Hakuvuta mtandio, nami nikasahau kuinama.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Ninazo, mama."

"Na umekonda. Siku ya harusi hukuwa hivi. Siku ile suti ilikuwa inaomba msaada."

Tukacheka! Wote wawili, kwa sauti, mpaka akashika jicho nikamkumbusha asilishike. Kisha akasimama kuzunguka nyumba, polepole. Kaona vumbi juu ya kabati, hakusema. Kaona viatu vya nje, jozi moja. Kaona kiti cha mke wangu jinsi nilivyokigeuza rafu ya magazeti. Akarudi jikoni. Akachukua kisu na kuanza kumenya viazi, maganda membamba hadi unaona mwanga ng'ambo ya pili.

Nikakumbuka kuwa mtu aliyepona macho haoni tu anachotaka.

Jumapili, 24 Machi

Nilitoka kwenda sokoni. Nikafika kwenye ngazi za chini nikagundua kikapu nimekisahau. Siku hizi siwezi kwenda bila kikapu – ananusa mifuko ya plastiki hata niifiche mfukoni. Nikarudi. Mlango ulikuwa haujafungwa.

Alikuwa jikoni na simu, kaiweka kwenye spika juu ya meza ili mikono iendelee na viazi. Sauti ya mke wangu. Wazi, karibu, kama yuko chumba cha pili. Anaongea haraka kama zamani.

Sikusikia yote. Mama anasema usinifanye mimi mjumbe, mwambie mwenyewe. Mke wangu anasema ataelewaje. Mama anasema si mtoto. Mke wangu anasema lakini wewe uko kwake sasa, mama, itakuwaje wewe. Kisha mama akaacha kumenya. Hili nililisikia lote:

"Kila Jumapili ananiletea salamu zako. Salamu nzuri, ndefu. Wewe ndiye unampa?"

Upande wa pili kimya.

"Basi," mama akasema. "Nilidhani hivyo."

Kumbe! Wanaongea siku zote. Kila nilipomletea salamu zangu za kutunga, alikuwa keshapata za kweli. Na akajibu zimefika. Zimefika!

Nimeshuka ngazi bila kikapu. Nikakaa na mlinzi kwenye benchi lake. Kanisimulia habari za goti lake. Goti la kushoto, na hali ya hewa, na dawa ya kuchua. Nimemsikiliza kwa makini sana. Sijawahi kusikiliza goti la mtu namna hiyo.

Niliporudi, mama alikuwa ameandaa. Viazi, supu, nyanya iliyokatwa. Akaniangalia mikono mitupu.

"Leo hakuna salamu?"

"Leo hakuna, mama."

"Haya. Tule."

Jumatatu, 25 Machi

Nimempigia mke wangu. Inaita, haipokelewi. Nimepiga tena wakati wa chakula, nimesimama nje ya karakana kama mtu anayemngoja mteja. Inaita.

Matone nimetia. Siku hizi hata tone moja halikosi jicho.

Alhamisi, 28 Machi

Kapiga.

Nilikuwa jikoni peke yangu, mama kajilaza. Alianza kwa kuniuliza afya, nikajua. Watu wa nyumba moja hawaulizani afya. Kaongeza mkataba. Si hilo tu. Amepata maisha, anasema, nisimngoje. Hakuna kosa nililofanya – kalisema mara mbili – hakuna kosa, ila alipofika kule alilala usingizi ambao hapa hakuwahi kuupata, akaogopa kuupoteza. Nikamuuliza kuna mtu? Akasema hata asingekuwepo, yeye asingerudi.

Nilikuwa nimeshika sahani ya makombo ya mkate. Nilikuwa nimeyakusanya ili niyatie kwenye mayai. Nikaendelea kuishika.

Kisha akasema habari ya mama. Kaka atakuja kumchukua. Jicho la pili linaweza kufanyiwa kule kwa kaka. "Si haki wewe uubebe mzigo wetu."

Nikasema mzigo gani?

Hakunielewa. Alidhani namtania.

Baadaye nikapika. Sijui nilipika nini kichwani, ila nilipofunua sufuria wali ulikuwa umejaa hadi mfuniko. Wali wa kulisha karakana nzima. Nikakaa nimeushangaa. Mama akaja, akasimama karibu yangu, na miwani yake, anaona kila punje.

Nilimngoja amseme Mtu. Nilitamani amseme.

Akatafuta vibakuli. Kimoja akampelekea jirani wa mbele, cha pili akaniambia nimshushie mlinzi. Uliobaki akautandaza kwenye trei upoe, akauweka kwenye friji, mbele. Kisha akakaa kwenye kiti chake na kuinua uso, wakati wa matone haujafika. Nikamtia hivyo hivyo.

Jumanne, 2 Aprili

Shemeji kapiga. Atakuja Jumamosi. Kaongea na mimi kwa adabu mpya, kama ya ofisini. Ananishukuru kwa yote. Anasema tutaendelea kuwa ndugu, jambo ambalo watu huwa wanalisema pale undugu unapokwisha.

Nimewaza haya nikiwa kwenye mashine ya kusugua lenzi, mpaka lenzi moja ikaharibika. Mke akiondoka, mama yake anakuwa nani kwako? Mkwe wa nani? Jirani nina neno la kumwita. Mteja nina neno. Huyu anayejua nakata kitunguu vibaya, anayejua nadanganya na akanisitiri, nitamwitaje Jumapili?

Nyumbani tumekula ule wali wa Alhamisi, wa mwisho, tumeukaanga na yai. Umekwisha wote. Nikamwonesha sufuria, safi. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu.

Hatujaongea lolote. Hajui kama najua kuwa anajua. Au anajua. Tumechanganyikiwa wote kwa heshima.

Ijumaa, 5 Aprili

Begi lake liko karibu na mlango. Nimelisikia likifungwa. Zipu ilikwama katikati, ikarudi, ikakwama tena. Nilitaka kwenda kusaidia. Sikwenda.

Kaniuliza kama muuza mboga hajambo. Hajambo, nikasema, anakusalimia. Na kweli amenituma, wallahi! Akanitazama juu ya miwani, kwa muda. "Hizi ni za kweli," akasema.

Jumamosi, 6 Aprili

Shemeji kafika kabla ya saa sita. Hakutaka kukaa, safari ni ndefu, anataka afike jua likiwa bado lipo. Kaniangalia usoni mara moja tu, kisha akahamia kwenye ukuta. Nikamsalimia, tukashikana mikono, mkono wake una jasho. Maskini, na yeye hajui aniiteje.

"Mama, twende."

Mama yuko jikoni. Hakutoka. "Nina kitu motoni."

Shemeji akaniangalia, mimi nikamwangalia. Tukaenda wote wawili mpaka mlangoni. Kwenye jiko kuna sufuria kubwa, ile ambayo sijaiona tangu harusi, sijui kaitoa kabati gani. Ndani maharage makavu. Nimeyatazama vizuri: hayakulowekwa. Ndiyo kwanza yanaanza kuzunguka kwenye maji. Mtu yeyote anayepika anajua hayo yanachukua masaa mangapi kuiva.

"Mama, shemeji atakula," akasema shemeji.

"Yote haya? Mtu mmoja?"

"Ataweka kwenye friji."

"Akila maharage peke yake wiki nzima atayachukia. Akiyachukia atayamwaga." Alikuwa anamwambia mwanawe, lakini macho yake yalikuwa kwenye sufuria. "Nimekosea kipimo. Mimi mwenyewe. Sasa nikiondoka nimwachie taka?"

Shemeji akasema mama, safari. Mama akasema mtoto haamrishi chungu. Shemeji akasema dada alisema – na hapo mama akageuka. Hakupandisha sauti. Akasema dada yako alisema anachotaka kwa ajili ya dada yako. Jicho langu la pili halijasema kitu bado.

Mvuke tu.

Kisha akamkabidhi shemeji kisu na vitunguu. Baba wa watoto sita! Kavua saa, kakaa, anakata. Anakata vibaya kuliko mimi, nusu ya kitunguu inabaki kwenye ganda, na mama kashaanza: "Kuna watu wanakata vitunguu kama wanalipiza kisasi." Watu! Sasa tuko wengi.

Nimeingia chumbani kwa kisingizio cha kutafuta chumvi, ambayo haijawahi kukaa chumbani. Ndipo ninapoandika haya, nimepiga magoti kando ya kitanda. Begi bado liko mlangoni. Nawasikia. Shemeji ameuliza tena, kwa sauti ya chini sasa, kama mtoto: bado sana, mama?

"Bado."

Nasikia kijiko kinagonga ukingo wa sufuria. Nasikia bomba linafunguliwa. Ameongeza maji.